Tovuti ya chama chetu imerudi hewani
Tovuti ya chama chetu cha wafugaji wa samaki hapa Kisumu inafunguka tena, nami nimefurahi mno, kwa sababu ndani yake mna rekodi za bei na picha za vizimba vya ngege ambazo hazipatikani kwingine kokote.

Seva ya awali ilipoharibika, tulibakiwa na nakala rudufu za aina mbili: folda ya mafaili, na faili moja la SQL, yaani nakala ya hifadhidata iliyoandikwa kama maandishi. Wengi hudhani kwamba folda pekee inatosha. Kwa tovuti ya WordPress, programu ya kuendeshea tovuti kama yetu, haitoshi hata kidogo, kwani makala, maoni na akaunti za watumiaji hukaa katika hifadhidata ya MySQL, ilhali picha hukaa katika folda ya wp-content. Niliunda hifadhidata tupu, nikaingiza lile faili la SQL, kisha nikaandika jina la hifadhidata hiyo, mtumiaji na nenosiri jipya ndani ya wp-config.php, faili la mipangilio ya WordPress.

Ukurasa wa mwanzo ulifunguka mara moja, lakini kila kiungo cha ndani kilileta kosa la 404, yaani ukurasa haupatikani. Chanzo chake kilikuwa kukosekana kwa faili la .htaccess, linaloielekeza seva jinsi ya kushughulikia anwani za kurasa, ambalo programu nyingi hulificha kwa kuwa jina lake huanza na nukta, na ambalo kwa hiyo halikuwamo katika nakala. Nilipohifadhi upya mipangilio ya viungo vya kudumu (anwani za kurasa), WordPress ililiandika tena yenyewe.

Sasa nakala hupelekwa kila usiku kwenye seva nyingine, na ya kwanza nimekwisha kuijaribu kwenye kompyuta yangu: majedwali yote ya hifadhidata yamo.