Kiganja cha Kijiti

Jana usiku nilikuwa nakula, binti yangu akaniwekea simu karibu na sahani. "Baba, mwangalie huyu wa nyuma." Zilikuwa mbio za farasi za Kentucky, kule Marekani, za Mei 2022. Farasi 20, na mmoja wao aliingizwa orodhani siku moja tu kabla, mwenzake alipoondolewa. Akaanzia lango la nje kabisa, akaburuzwa mkiani, kisha kwenye nyoosho la mwisho akaanza kupenya katikati ya wenzake kama mwizi wa sokoni. Aliyemwekea dola 1 alivuna 80. Tuliitazama mara tatu. Ya nne mtoto akauliza: "Farasi anaitwa Rich Strike. Aliyempanda je?"

Sikujua. Ilibidi nitafute. Ni Sonny Leon, mtu wa Venezuela, ambaye riziki yake alikuwa akiitafuta zaidi kwenye viwanja vidogo vya Ohio. Ukiitazama ile picha iliyopigwa kutoka juu, unamwona anavyomzunguka farasi aliyechoka mbele yake na kurudi tena ndani kwenye uzio bila kupoteza mwendo. Uamuzi ule haukuwa wa farasi.

Wali ukapoa. Mimi nilikuwa nimeshafika Sahare, ufukweni Tanga, Idd ya mwaka 1993.

Mjomba wangu alikuwa saisi, mtunza farasi, kwenye uwanja wa mbio wa Ngong, Nairobi, kabla hajarudi Tanga. Sikukuu ile wakubwa wa mtaa walitupangia mbio za punda ufukweni. Idd el-Fitr huja na mwezi mchanga, na mwezi mchanga huja na bamvu, maji ya kujaa na kupwa sana, kwa hiyo saa nne asubuhi maji yalikuwa yamekupwa mpaka mbali, mchanga umekaza kama sakafu. Kwenda mpaka penye mikoko, kuzunguka mti uliofungwa kanga, kurudi. Punda wanane. Zawadi mpira wa ngozi.

Mimi nilipewa dume la jirani aliyekuwa akibeba mchanga wa ujenzi, limeshiba pumba, linang'aa. Kijiti (tulimwita hivyo kwa wembamba wake) alipata jike zee la muuza maji, lenye kidonda begani, gunia la katani mgongoni badala ya tandiko. Tena lilikuwa na tabia moja ambayo mtaa mzima uliijua: kila likiona mlango wa mteja, linasimama kungoja madumu yashushwe. Na njia yetu ilipita mbele ya nyumba hizo zote.

Sitawadanganya kuhusu upandaji wangu. Nilishika manyoya ya shingo, nikafumba macho, nikasoma nilichokuwa nakijua. Dume likakimbia lenyewe, likauzunguka ule mti kwa kuwa nyuma yake palikuwa na matope. Nilipofumbua macho nilikuwa wa kwanza, narudi, na Kijiti ndiyo kwanza anakuja mbele yangu, wa mwisho, amekwama mlango wa pili. Watu wamekaa barazani wanacheka mpaka wanajishika mbavu. "Lete mawili na huku!" mama mmoja anapiga kelele.

Hapo ndipo nilipomwona.

Hakumpiga. Hakumpiga mateke wala hakumvuta. Alilala kifudifudi juu ya shingo ya yule punda, kifua chake kikagusa manyoya, akaiacha kamba mkono mmoja, na mkono wa kushoto akaunyoosha taratibu mpaka usoni. Akaliziba jicho la upande wa nyumba kwa kiganja. Kiganja kizima, vidole vimebanana, kama mtu anayemfunika mtoto asione ugomvi wa wazazi. Sikio moja la punda likageuka nyuma kumsikiliza, maana alikuwa anamwambia kitu, midomo yake niliiona inacheza. Punda akapiga hatua. Akapiga nyingine. Kisha akatoka pale mbio, akaupita mlango wa tatu, wa nne, kama hakuna mtu mji mzima anayemdai maji. Tulipishana kwa urefu wa mkono. Kijiti hakunitazama.

Yaliyobaki ni mafupi. Nilishinda, nikabebwa, kanzu ikachanika kwapa. Kijiti akamaliza wa tatu, maana yake aliwapita watano, na hakuna aliyehesabu.

Isipokuwa Mjomba. Alinipita mimi na mpira wangu bila hata kunipa mkono wa Idd, akaenda kusimama kwa Kijiti. "Kurudi ulibadilisha mkono," alimwambia. "Shikamoo," Kijiti akajibu, akidhani anagombezwa. Mjomba akaitikia marahaba na kucheka, kisha akanyamaza muda mrefu.

Njiani akanieleza kwamba farasi wengine huvalishwa vikinga macho, wasibabaishwe na vya pembeni. Akanieleza pia jinsi joki, mpanda farasi wa mbio, anavyopandishwa mizani, na akiwa mwepesi kuliko uzito aliopangiwa farasi wake, tandiko hutiwa vipande vya madini ya risasi mpaka utimie. "Uzito wanaupima. Mikono hawaipimi." Farasi wazuri wanapewa wenye majina, akasema, na majina yanatoka kwa farasi wazuri, sasa wewe ingia hapo katikati uone. Alfajiri alikuwa akiwapanda yeye mazoezini. Jumapili walipandwa na wengine. Sikumwuliza zaidi, nilikuwa napiga danadana.

Mwaka jana nilishuka stendi ya Kange na dereva wa bodaboda akaniita kwa jina la utotoni. Kijiti, sasa ana kitambi. Tukiwa njiani nikamkumbusha zile mbio, nikamwambia, kwa kelele maana upepo ulikuwa mwingi, kwamba yeye ndiye aliyepanda siku ile.

"Punda?" akasema. "Punda simkumbuki. Mpira ndio naukumbuka. Mlinikataza kucheza, eti nitautoboa kwa kucha."

Hilo mimi sikulikumbuka kabisa. Nilipomlipa alinirudishia chenji yote, mpaka mia ya mwisho.