Senti 97

Kila ifikapo 16 Septemba, mwenzangu wa zamani wa kitengo cha hazina hunitumia ujumbe wa tarakimu mbili tu: 97. Mwaka huu mwanangu ameuona, akauliza ni nani huyo asiyejua kusalimia.

Nianzie wapi? Watu hudhani kampuni kubwa hufungia pesa zake kwenye kasha la chuma. Zetu zilikuwa kazini usiku na mchana: za mishahara benki, za kodi na gawio kwenye mifuko ya soko la fedha, yaani ile inayokusanya pesa za wengi na kuzikopesha kwa muda mfupi, nyingine kwenye hatifungani. Kipande cha mifuko ile, yaani sehemu moja unayonunua, kilikuwa dola 1 jana, dola 1 leo, na kesho vilevile. Vitabuni tulikiandika kama fedha taslimu na hakuna aliyeguna.

Kisha, Septemba 2008, Lehman Brothers, benki ya uwekezaji ya Marekani, ikafilisika. Kesho yake Reserve Primary Fund, mfuko mmoja wa soko la fedha uliokuwa umeshika hati za madeni ya Lehman za dola milioni 785, ukatangaza kuwa kipande chake ni senti 97. Sisi hatukuwamo. Tulikuwa kwenye mfuko mwingine wa aina hiyohiyo.

Asubuhi bosi alitandaza ripoti mezani kwangu. Safu ya kulia ilikuwa ya riba, ndiyo tuliyozoea kuisoma kwanza. Akachukua rula, akaifunika yote. Ikabaki safu nyembamba ya katikati, ambayo sikuwahi kumwona mtu akihangaika nayo: siku ngapi hadi pesa irudi mkononi. Akaishuka kwa ncha ya kalamu, mstari kwa mstari, midomo ikicheza kama anayevuta tasbihi.

"Toa zote."

"Zote, bosi?"

"Mwisho wa mwezi watu wanataka mishahara. Andika."

Tukahamia dhamana za muda mfupi za serikali ya Marekani, ambako kila mtu alikuwa amekimbilia, riba ikawa karibu na sifuri. Tarehe 19 serikali hiyo ikatangaza kuidhamini mifuko. Wetu haukutetereka hata senti. Hata wale wa Reserve hatimaye walipata zaidi ya senti 99 kwa kila dola, kwa mafungu na kwa kusubiri sana.

Kwenye kikao cha bodi, mjumbe mmoja akauliza mbona mapato ya riba yameporomoka.

"Tulinunua usingizi," bosi akajibu.

"Kwa bei gani?"

Hesabu hiyo nilikuwa nayo kwenye faili, na haikuwa ndogo. Ile ya pili, ya mishahara kukwama, hakuna aliyeweza kuikokotoa, kwa sababu haikukwama.