Siku akaunti ya mweka hazina ilipochukuliwa

Mwizi wa akaunti ya WhatsApp haigusi simu yako. Anahitaji vitu viwili tu. Cha kwanza ni namba yako, ambayo imeandikwa kwenye bango la duka lako na inaonekana kwenye kila kundi ulilomo. Cha pili ni zile tarakimu 6 zinazoingia kwenye laini yako pale anapoiandika namba hiyo kwenye simu yake yeye. Akizipata, WhatsApp inamhesabu yeye ndiye mwenye namba, na wewe unatolewa nje. Nimelieleza jambo hili kwa wateja wengi kwenye meza ya ufundi simu pale Ngamiani, Tanga, lakini halijawahi kuonekana wazi kama Jumamosi moja ya mwaka 2021, mweka hazina wa kikoba cha akina mama alipoingia na kusema, "Mwanangu, watu wananipigia wananipa pole. Wananiuliza mtoto gani amelazwa."

Simu yake ilikuwa nzima. Ilipiga, ilipokea, na salio lake la fedha halikuguswa. WhatsApp peke yake ndiyo iliyokuwa imefunga, ikisema namba hiyo imesajiliwa kwenye simu nyingine.

Nilimwomba anisimulie asubuhi yake tangu alipowasha data. Alikuwa amepata ujumbe wa WhatsApp kutoka kwa shoga yake wa miaka mingi: "Samahani, kuna namba 6 nimezituma kwako kwa bahati mbaya, naomba unirudishie haraka." Kweli, kwenye meseji za kawaida palikuwa na namba 6 zimeingia muda uleule. Onyo la kutompa mtu lilikuwa palepale chini yake, kwa Kiingereza, lugha asiyoisoma. Akazinakili, akamtumia shoga yake. Shoga huyo, tulipompigia, akatuambia kwamba yeye mwenyewe hajaingia WhatsApp tangu jana usiku na alidhani bando limekata.

Ndivyo wizi huu unavyotembea. Mwizi akishaingia kwenye akaunti moja hazioni meseji za zamani, kwa sababu zimehifadhiwa kwenye simu ya mwenyewe na kwenye nakala iliyofungwa na akaunti yake ya Google. Anachokipata ni makundi. Ndani ya kila kundi mna orodha ya namba za wanachama, na kila namba ni mlango mwingine wa kugonga kwa jina la mtu anayeaminika. Pia anapokea kila ujumbe mpya unaotumwa kwa namba ile. Jambo hili la mwisho watu hulisahau: mwanachama mmoja alikuwa ametuma asubuhi ile picha ya kitambulisho chake cha NIDA kwa ajili ya fomu ya mkopo, na picha hiyo ilitua mikononi mwa mwizi.

Mama alitaka nimrudishie akaunti papo hapo. Nikamwomba tuanze na watu kwanza, maana kila dakika tuliyoipoteza ilikuwa ya mwizi. Yeye ndiye aliyekuwa admini pekee wa kundi la kikoba, kwa hiyo mwizi alipoingia alibadilisha mpangilio mmoja tu: admini peke yake ndiye anayeweza kuandika. Hakuna mwanachama aliyeweza kuwatahadharisha wenzake ndani ya kundi. Kisha akaanza kumwandikia kila mmoja pembeni kwamba mtoto amelazwa, daktari anataka hela, "nitakurudishia jioni, tuma kwa namba hii, yangu imejaa."

Kilichotusaidia ni daftari. Kikoba kilikuwa na daftari la wanachama, zaidi ya 20, kila mmoja na namba yake kwa kalamu. Tukaligawa: mama akashika nusu ya orodha, kijana wangu wa dukani nusu nyingine, wakapiga simu za kawaida na kusema maneno yaleyale, kwamba WhatsApp ya mweka hazina imeibwa, usitume hela, usitoe namba 6 kwa yeyote, mwambie na jirani yako.

Wawili walikuwa wameshatuma. Wa kwanza alituma 80,000 mapema, na hela ilikuwa imeshatolewa kwa wakala. Wa pili alikuwa ametuma 150,000 muda mfupi kabla hatujampigia. Huyu tulimwelekeza akate simu, apige 100 ya huduma kwa wateja ya mtandao wake, na awe na vitu vitatu tayari: namba ya muamala iliyo kwenye meseji ya uthibitisho, kiasi, na namba iliyopokea. Hela ikazuiwa. Kuipata tena kulichukua muda na aliombwa RB, yaani namba ya taarifa ya polisi, lakini iliokoka. Tofauti ya wale wawili ilikuwa muda tu. Mtandao unaweza kuzuia hela iliyobaki kwenye akaunti. Iliyokwisha kuwa noti mkononi mwa mtu, hakuna kitufe cha kuirudisha.

Wa tatu alijiokoa mwenyewe. Alipoiandika namba ya kupokea, kabla ya kuweka namba ya siri, simu ilimwonyesha jina la mwenye akaunti, jina la mwanamke asiyemjua. Akasita. Jina lile ndilo kinga bora isiyo na gharama kuliko zote tulizo nazo kwenye fedha za simu, na watu wengi hulipita kama tangazo. Simlaumu mwanamke mwenye jina hilo. Kuna wasajili wa laini wa mitaani wanaomwambia mteja "kidole hakijasoma, weka tena," kumbe kila kidole kinasajili laini nyingine itakayouzwa kwa matapeli. Ukipiga *106# unaona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Tuliipiga kwa simu ya mama siku ileile, ikaonyesha laini moja asiyoifahamu. Jumatatu yake alikwenda na kitambulisho kwenye duka la mtandao husika kuifuta.

Baada ya simu zote kwisha ndipo tulipoigeukia akaunti. Kwanza tulipiga *#21# kuhakikisha simu zake hazielekezwi kwingine. Kuna matapeli wanaomwambia mtu apige *21* ikifuatiwa na namba yao na alama ya reli, wakidai ni kurekebisha mtandao. Kuanzia hapo simu zake zote zinaelekezwa kwao, pamoja na ile ya WhatsApp inayosoma tarakimu kwa sauti. Kama lingekuwepo elekezo lolote, ##002# ingeyafuta yote. Hapakuwa na kitu.

Kisha tukaifuta WhatsApp na kuipakua upya kutoka Play Store, tukaandika namba yake, tukasubiri. Haikutuma tarakimu. Ilionyesha saa inayohesabu kurudi nyuma. Mwizi mzoefu huomba tarakimu mara nyingi na kuingiza za uongo makusudi ili mwenye namba naye afungiwe kwa muda. Hapo dawa ni kuacha. Kila jaribio la hasira linaurefusha muda wa kungoja. Tulikunywa chai, saa ikaisha, tarakimu 6 zikaja, tukaziingiza.

Ikatokea skrini nyingine inayodai namba ya siri ya tarakimu 6 ambayo mama hakuwahi kuiweka. Ni mwizi aliyeiweka. Uthibitishaji wa hatua mbili, kufuli ambalo mama angepaswa kulipata siku aliyouziwa simu, lilikuwa limefungwa na mwingine kutoka ndani. Mama alikaa chini kwenye benchi. "Basi ndo imekwenda."

Haikuwa imekwenda. Tulipoingiza zile tarakimu 6 za meseji, mwizi alitolewa dakika ileile, na kompyuta yoyote aliyokuwa ameiunganisha ilitolewa pamoja naye. Namba ya siri asiyoijua mwenye akaunti inamchelewesha kuingia, lakini haimbakizi mwizi ndani. WhatsApp inataka siku 7 zipite, kisha inaruhusu kuingia bila namba ile. Katika siku hizo mama alipata meseji nyingine zenye tarakimu 6, mwizi akijaribu bahati. Hazikuwa na madhara yoyote maadamu hakuzitoa.

Siku hizo tulizitumia kwa kazi ambayo kwa maoni yangu ni kubwa kuliko WhatsApp yenyewe. Gmail iliyokuwa kwenye simu yake ilifunguliwa na muuzaji wa duka alilonunulia simu. Mama hakujua nywila, hakujua hata jina la barua pepe hiyo. Simu nyingi mtaani ziko hivyo, na mwenye nywila ile anaweza kuzifikia picha, orodha ya namba, pengine na nakala za meseji. Tulipitia njia ya kusahau nywila, Google ikathibitisha kwa simu yenyewe, tukaweka nywila mpya ndefu ya maneno manne yasiyohusiana, tukaweka namba yake kama njia ya kurejesha, kisha tukafungua orodha ya vifaa vilivyoingia na kuviondoa visivyo vyake.

Siku 7 zilipotimia aliingia. Kabla hajasoma ujumbe hata mmoja nilimpitisha kwenye Mipangilio, Akaunti, Uthibitishaji wa hatua mbili. Akachagua tarakimu 6 zisizo mwaka wa kuzaliwa wala zisizofanana na namba ya siri ya fedha, akaandika ile barua pepe ambayo sasa ni yake kweli, ili akisahau aweze kuirejesha. Halafu tukarudisha nakala ya meseji zake.

Kikao cha kikoba kilichofuata kilifanyika dukani, kila mama na simu yake. Tuliweka hatua mbili kwenye kila simu yenye WhatsApp, mmoja mmoja, na hiyo ilikula karibu saa mbili kwa sababu ya barua pepe. Tuliwasha pia arifa za usalama, zinazoonyesha ndani ya mazungumzo kwamba mwenzako amesajili namba yake upya. Arifa hiyo ikifuatiwa na ombi la hela, ni ya kutiliwa shaka. Yule aliyetuma picha ya kitambulisho alielezwa aipige *106# kila mwezi.

Admini wakawa watatu. Wakakubaliana pia kwamba hakuna hela inayotumwa kwa ujumbe wa maandishi au wa sauti, hata ukitoka kwa mwenyekiti. Mama mmoja mwenye kitochi, asiye na WhatsApp kabisa, ndiye aliyekabidhiwa daftari: anayeomba mkopo wa dharura anampigia yeye, yeye anakata, kisha anampigia mwombaji kwa namba iliyoandikwa humo.