Majina kumi na mawili kwenye kaye ya mdogo wangu

Lubumbashi, Jumapili usiku

Leo baada ya misa mdogo wangu alipita nyumbani kwangu na kaye yake ya hesabu, akaifungua ukurasa wa mwisho na kuniomba nisome kwanza kabla ya kusema neno. Alikuwa ameandika kwa penseli majina kumi na mawili ya vyuo vikuu vya Marekani, akayapanga katika safu tatu: vigumu, vya kiasi chake, na vya hakika. Safu ya kwanza ilikuwa na Harvard, Yale, Princeton na MIT pamoja na vingine vinne, ya pili ilikuwa na vitatu, na katika safu ya hakika lilikuwapo jina moja tu, Berea College ya Kentucky. Nilipomwuliza sababu, alinijibu kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kutafuta habari zake: "Yaya, pale hawalipishi minervali."

Ni kweli hawalipishi. Chuo hicho, kilichoanzishwa mwaka 1855, hakimtozi mwanafunzi ada ya masomo, na kila mwanafunzi hufanya kazi chuoni kwa saa zisizopungua kumi kwa wiki. Lakini kwa sababu hiyo hiyo vijana wa nchi nyingi wanakikimbilia, na nafasi za wageni ni chache mno. Kwa mwombaji anayetoka kwetu, mahali pa Berea ni katika safu ya kwanza.

Hapo tulikaa muda mrefu, kwa maana nilitaka aelewe jambo ambalo mimi nililielewa nikiwa nimechelewa. Miongozo ya Kimarekani hupima ugumu wa chuo kwa kulinganisha alama za mwanafunzi na za wale waliopokelewa, na kwa kutazama ni waombaji wangapi katika kila mia wanaokubaliwa. Hesabu hiyo imepigwa kwa ajili ya mtoto wa kule. Chuo kinachopokea nusu ya waombaji wake kinaweza kumkataa mgeni mwenye alama nzuri kwa kuwa ameomba agharimiwe kila kitu, kwani vyuo vingi hutazama uwezo wa mgeni kulipa vinapoamua. Vichache, miongoni mwao Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst, husoma faili la mgeni bila kuuliza mfuko wa wazazi wake, kisha humlipia anachopungukiwa. Navyo ndivyo vinavyowakataa waombaji tisini na zaidi katika kila mia.

Mwaka nilipomaliza sekondari niliomba vyuo vitano vya ng'ambo, na hapa nyumbani sikuomba hata kimoja, kwa kuwa niliona kujiandikisha hapa ni kukubali kushindwa kabla ya wakati. Chuo kimoja kilinikubali. Barua ilianza kwa pongezi, na aya ya tatu ikasema kwamba familia yangu ilipaswa kuonyesha dola 38,000 kwa ajili ya mwaka wa kwanza peke yake. Baba aliisoma mara mbili akiwa amesimama, akaikunja mara nne, akaitia katika Biblia yake, na mpaka leo imo humo. Nilikaa mwaka mzima nikimsaidia mama sokoni. Kilichoniuma zaidi ni kwamba baba aliniomba radhi, ilhali ni mimi niliyeipanga orodha ile.

Kwa hiyo nilimwambia mdogo wangu kwamba kwangu mimi chuo ni cha hakika pale tu nafasi ikiwa ya hakika, fedha za miaka yote zikiwa na mahali panapojulikana zitakapotoka, na yeye mwenyewe akiwa tayari kwenda bila kuona haya. Anataka kusomea madini. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kilifungua milango mwaka 1956, kikaunganishwa na vyuo vikuu vya Kinshasa na Kisangani mwaka 1971 kuwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, kikarudi kujitegemea mwaka 1981, na miaka yote hiyo shaba na kobalti zimekuwa chini ya miguu yetu hapa hapa. Sioni ni kwa vipi Kasapa, yaani kampasi ya chuo hicho, iwe kimbilio la walioshindwa kwa mtu mwenye nia kama yake. Kati ya hapa na Marekani tuliongeza Copperbelt University ya Kitwe nchini Zambia, ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa, ambako masomo hutolewa kwa Kiingereza, ili kile Kiingereza anachojifunza kwa ajili ya mtihani wa TOEFL kimfae kwa njia zote mbili.

Kisha tulitazama buletini yake, yaani ripoti ya alama za shule. Ana asilimia 71, na prefe, mkuu wa shule yake, amepiga mstari chini yake kwa biki nyekundu, kwa sababu kwetu hiyo ni alama ya kujivunia. Msomaji wa Marekani aliyezoea kuona tisini anaweza kudhani ni mwanafunzi dhaifu. Ni lazima prefe aeleze katika barua yake jinsi tunavyotoa alama, na aseme wazi kwamba mtoto huyu ni wa pili katika darasa la wanafunzi arobaini na watatu. Jambo hili lina uzito kuliko insha zote anazoogopa kuandika.

Tarehe zenyewe ni rahisi kukumbuka: maombi mwanzoni mwa Januari kwa vyuo vingi, majibu ifikapo mwisho wa Machi au mwanzo wa Aprili, na uamuzi wa mwanafunzi tarehe 1 Mei. Mtihani wa Serikali, ule wa kumaliza sekondari, unakuja baada ya hayo yote, na hawezi kuuacha ungoje.

Tulifuta majina saba, tukaongeza matatu. Berea aliihamisha mwenyewe kwa ufutio, na katika safu ya tatu akaandika Lubumbashi kwa biki, si kwa penseli. Alipokuwa akifunga kaye aliniuliza kama anaweza kuiona ile barua. Kesho nikitoka kazini nitapita kwa baba kumwomba.