Jinsi nilivyofikisha kidevu juu ya chuma

Katika mazoezi yote, hakuna nililolitamani kama kujivuta kwenye chuma, yaani kuning'inia kwenye chuma cha juu na kupanda hadi kidevu kikivuke, na hakuna lililonishinda kama hilo. Pushapu nilikuwa napiga bila shida. Kuchuchumaa na chuma mabegani niliweza. Lakini nikining'inia na kujaribu kuupandisha mwili wangu mwenyewe, viwiko vilikunja kidogo, mwili ukatetemeka, basi. Hata mara moja haikutoka.

Mimi ni mwanamke, na nilishaambiwa mara nyingi kwamba zoezi lile tuwaachie wanaume. Ni kweli kwamba tofauti ya nguvu kati yetu na wao huwa kubwa zaidi mikononi na mabegani kuliko miguuni. Kwa hiyo wengi wetu tutachelewa kufika. Ila kuchelewa ni jambo moja na kutofika ni jambo jingine, na naandika haya kwa ajili ya dada yeyote anayekitazama kile chuma na kupita pembeni.

Aliyenifungua macho ni mama mmoja tuliyekuwa tunafanya naye mazoezi, mtu mzima aliyenizidi umri na nguvu pia. Alinitazama nikihangaika, akaja akaniwekea vidole viwili chini ya kwapa. "Mdogo wangu, sahau mikono," akasema. "Peleka kiwiko mfukoni."

Baadaye nilisoma juu ya misuli yenyewe na nikaona alikuwa na haki. Msuli mkubwa wa mgongo, ule unaompanua mtu kuanzia kiunoni hadi kwapani, huanzia kwenye nyonga na pingili za chini za uti wa mgongo, ukapanda kando ya mbavu, ukaenda kujishikiza kwenye mfupa wa juu wa mkono, karibu na bega. Haufiki kwenye kigasha, sembuse kiganja. Kazi yake ni kuushusha mkono wa juu na kuurudisha nyuma. Ukiwaza kukivuta chuma kwa viganja, unakaza vigasha na baisepsi, ule msuli wa mbele wa mkono wa juu, na mgongo unabaki mtazamaji. Ukiwaza kiwiko kishuke, mgongo unaamka. Uzito ni uleule, chuma ni kilekile, lakini nilianza kuhisi misuli ikikaza mahali ambapo sikuwahi kuhisi chochote.

Baisepsi nayo ina jambo ambalo wengi hawalijui. Mbali na kukunja kiwiko, inageuza kigasha ili kiganja kitazame juu, kwa sababu imejishikiza kwenye ule mfupa wa upande wa kidole gumba, na mfupa huo ndio unaozunguka. Ndiyo sababu ukishika chuma viganja vikikutazama wewe, baisepsi inavuta vizuri na zoezi linapungua ugumu. Ukivigeuza vitazame mbele, inapoteza sehemu ya uwezo wake, na kazi inaangukia zaidi kwenye msuli uliolala chini yake na kwenye misuli ya kigasha. Nikachagua kuanza na viganja vinavyonitazama, bila kujali nani anaona ni njia ya mkato. Mgongo unafanya kazi vilevile, na mikono inapata zoezi zuri kuliko mazoezi mengi ya dambeli, vile vyuma vifupi vya kushika kwa mkono mmoja, ninayoyajua.

Nilijiwekea siku 2 za kuvuta kila wiki, zisizofuatana. Ndicho kiwango cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani linawashauri watu wazima kwa mazoezi ya kuimarisha misuli mikubwa ya mwili, na kwangu kilitosha kabisa.

Kila siku ya kuvuta nilianza kwa kuning'inia tu. Mikono imenyooka, miguu haigusi chini, nahesabu hadi mshiko uanze kulegea. Kisha likaja zoezi dogo ambalo, kama ningelazimika kubakiwa na moja tu, ndilo ningelichagua: bila kukunja viwiko hata kidogo, unayashusha mabapa ya mabega. Mabega yanakaa mbali na masikio, kifua kinainuka kidogo, mwili unapanda labda urefu wa vidole vichache. Kwa mtu anayetazama ni kama hufanyi kitu. Lakini hapo ndipo kujivuta kunapoanzia. Asiyeweza kuyashusha mabega akiwa amening'inia ataanza kuvuta mabega yakiwa yamekwama masikioni, na nguvu ya mgongo haitapata pa kupitia.

Kutoka hapo nilikwenda kwenye kujishusha. Unapanda juu ya kigoda au benchi imara, unaanza ukiwa kidevu tayari kimevuka chuma, kisha unaondoa miguu na kujishusha polepole, sekunde 5 au zaidi, hadi mikono inyooke yote. Msuli huweza kubeba mzigo mkubwa zaidi unaporefuka chini ya uzito kuliko unapojikunja, kwa hiyo mtu asiyeweza kupanda hata mara moja anaweza kabisa kushuka kwa utaratibu. Gharama yake ni maumivu ya misuli, ambayo hukolea siku moja au mbili baadaye. Nilifanya marudio machache tu, 3 hadi 5 kwa seti, yaani mfululizo mmoja kabla ya kupumzika, na ile sehemu ya katikati ambapo mwili unataka kuporomoka niliipigania sana. Ipo pia njia ya kujifunga mpira wa mazoezi ukusaidie kupanda. Ni nzuri, lakini mpira unasaidia zaidi pale chini unapokuwa umevutika, na juu unakuachia mzigo. Mimi shida yangu ilikuwa chini na katikati, nikaona mpira utanibebea palepale ninapohitaji kujengeka, na kujishusha kunanijenga zaidi.

Zoezi la pili kwa umuhimu lilikuwa kuvuta dambeli kwa mkono mmoja, goti na mkono wa upande mwingine vikiwa kwenye benchi. Hili huharibiwa sana. Watu hulivuta dambeli moja kwa moja hadi kifuani, bega likajikunja mbele, kiwiliwili kikazunguka kusaidia. Mgongo ubaki umenyooka kama meza, shingo ifuate mgongo, na dambeli ipande kwa kupinda kidogo kuelekea nyonga. Juu kabisa, simama kidogo. Ukishindwa kusimama hapo, dambeli ni nzito kuliko mgongo wako na ni kasi tu inayoipandisha. Seti 3 za marudio 8 hadi 12, na kupumzika dakika 2 hivi katikati. Pumziko hilo si uvivu. Bila hilo seti ya tatu inakuwa ya mapafu.

Kukunja mikono kwa ajili ya baisepsi niliweka mwisho. Ukiichosha baisepsi mapema, mgongo unakosa msaidizi wake na mazoezi makubwa yote yanadhoofika. Nilisimama, viwiko vikikaa karibu na mbavu bila kusogea mbele, nikaanza viganja vikitazamana, nikavigeuza juu kadiri dambeli inavyopanda. Kushuka kulichukua muda mara mbili ya kupanda. Siku nyingine niliacha kugeuza, nikabaki na mshiko wa nyundo, ambao unakazia ule msuli wa chini na kigasha. Seti 2 zilitosha. Mikono ilikuwa imeshafanya kazi saa nzima.

Kuhusu kuongeza mzigo, nilifuata kanuni ya zamani. Miaka ya 1940, daktari wa jeshi la Marekani, Thomas DeLorme, aliwatibu askari waliojeruhiwa magoti kwa kuwapa uzito mkubwa unaoongezwa hatua kwa hatua, wakati ambapo wengi walipendelea mazoezi mepesi ya kurudiarudia. Mwaka 1945 alichapisha matokeo yake, na utaratibu wake wa seti 3 za marudio 10 bado unaonekana kila mahali watu wanaponyanyua vyuma. Mimi nilipofikisha marudio 12 kwa seti zote 3 bila kuchafua mkao, nilihamia dambeli inayofuata na kurudi kwenye 8. Kwenye kujishusha niliongeza sekunde. Kila kitu nilikiandika kwenye daftari, maana kumbukumbu ya mtu aliyechoka haiaminiki.

Jambo moja la kuangaliwa ni kiwiko. Kano hujizoesha mzigo polepole kuliko misuli, na upande wa ndani wa kiwiko ulianza kuniuma pale nguvu zilipokuwa zinapanda haraka. Nilipunguza marudio ya kujishusha, nikabaki na dambeli za mshiko wa nyundo mpaka pakatulia. Maumivu ya misuli iliyofanya kazi ni ya kawaida. Maumivu makali kwenye kiungo, au ganzi inayoshuka mkononi, ni ya kupeleka kwa daktari.

Kidevu kilipovuka chuma kwa mara ya kwanza sikuwa nimepanga. Nilikuwa nimeshajishusha marudio yangu, nikabaki nimening'inia, nikayashusha mabega kama kawaida, na viwiko vikafuata. Nilipiga kelele hadi watu wakageuka. Yule mama alikuja akanikumbatia, kisha akaniambia nipumzike dakika 3 nirudie.

Baada ya hapo nilifanya moja moja: najivuta mara moja, napumzika vizuri, najivuta tena, hadi zikafika 5 kwa siku moja. Kisha mbili mbili. Kujishusha nilikuacha kwenye seti ya mwisho tu. Siku hizi naweza seti 3 za marudio 6 viganja vikinitazama, na nimeanza kuvigeuza vitazame mbele, ambako idadi imeshuka tena hadi 2. Dambeli za kukunja mikono zimepanda zenyewe bila kuzikazania. Nikifikisha 5 kwa mshiko huu mpya, nitafunga uzito kiunoni, nianze na kilo 2.5.