Nilivyonyoosha kodi za mishahara ya kanisa letu

"Mpeni Mchungaji 1099, kazi imekwisha." Ushauri huu, wa kumpa fomu ya mtu asiye mwajiriwa, unazunguka katika makanisa yetu ya Waswahili hapa Texas, na kila nikiusikia unanikera, kwa sababu anayeumia ni mchungaji mwenyewe. Mwaka mzima hakatwi hata senti, halafu Aprili inafika na deni ambalo hana pa kulitoa. Mimi ni mweka hazina wa kanisa letu. Mambo haya nimeyanyoosha kwa mikono yangu, na ninajivunia.

Mchungaji aliyewekewa mikono ana sura mbili kwa IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani. Kwenye kodi ya mapato ni mwajiriwa wa kanisa, kwa hiyo anapewa W-2, fomu ya mshahara na makato ya mwaka. Kwenye Social Security (pensheni ya serikali) na Medicare (bima ya afya ya wazee) anahesabiwa kama mtu aliyejiajiri: kanisa halimkati ile asilimia 7.65 wala halimwongezei nyingine, bali yeye analipa asilimia 15.3 kupitia ritani yake, fomu ya kodi anayojaza kila mwaka. Dada anayefanya usafi ni tofauti kabisa. Yeye anakatwa 7.65, kanisa linaongeza 7.65, na zote zinaingia kwenye fomu ya 941 kila robo mwaka.

Nilipokabidhiwa mafaili, mishahara ilikuwa mikononi mwa kampuni fulani ya bei rahisi, dola arobaini na kitu kwa mwezi, na ilikuwa imetusajili kama mgahawa. Mchungaji alikuwa anakatwa 7.65 na kanisa linaongeza 7.65. Kwa mshahara wa dola 36,000 kwa mwaka, hiyo ni dola 2,754 kutoka kwake na 2,754 kutoka kwenye sadaka. Juu ya hayo walikuwa wanatujazia fomu ya 940, kodi ya ukosefu wa ajira ya shirikisho, dola 42 kwa kila mwajiriwa. Kanisa na shirika lolote lililo chini ya 501(c)(3), kifungu cha sheria cha mashirika ya dini na hisani, halidaiwi kabisa kodi hiyo.

Nikapiga simu. Yule binti aliyepokea akaniambia mwajiriwa ni mwajiriwa, awe mpishi au mchungaji. Nikamtumia Publication 517, kitabu cha IRS chenyewe kinachohusu kodi za watumishi wa dini, na kurasa nimezipigia mstari. Akajibu kwamba programu yao haina sehemu ya kuzima makato hayo. Nikaomba msimamizi. Msimamizi akanishauri nimwandikie Mchungaji 1099! Hapo nikaelewa kwamba hawa watu hawawezi kutusaidia, nikaomba nakala za kila 941 waliyowahi kutuma, nikavunja mkataba.

Kurekebisha ndiko kulikokuwa na utamu. Kila robo iliyokosewa inadai 941-X yake, yaani 941 ya marekebisho, na huwezi kuzikusanya kwenye karatasi moja. Na IRS haikurudishii fungu la mwajiriwa mpaka umemrudishia yeye kwanza, au amekupa kibali kwa maandishi. Wazee wakakubali kanisa limlipe Mchungaji kwanza. Naye akatia sahihi kwamba fedha hizo hajazidai kwingine na hatazidai. Nikatoa W-2c, yaani W-2 ya marekebisho, kufuta visanduku namba 3 mpaka 6 vya Social Security na Medicare, maana kwa mchungaji vinatakiwa viwe vitupu. 940 nazo nikazirekebisha.

Shida ikabaki moja: miaka ile ile, Mchungaji sasa alitakiwa kulipa kodi ya aliyejiajiri kwa ritani za marekebisho. Mzee mmoja akasema, "Dada, umemwondolea mzigo ukamtwika mkubwa zaidi." Nikawafungulia hesabu mezani. Kwa dola 36,000, kodi hiyo inapigwa kwenye asilimia 92.35 ya mapato, inakuja karibu dola 5,087. Mafungu mawili yanayorudi, lake na la kanisa, ni 5,508. Kanisa likimpa Mchungaji na lile fungu la kanisa kama nyongeza ya mshahara, deni la msingi linalipika. Nyongeza hiyo nayo inaingia kwenye W-2, sikuwaficha. Wazee wakapitisha siku hiyo hiyo.

Kuanzia hapo mishahara ninaifanya mwenyewe. Mbinu ninayoipenda kuliko zote ni hii. Sheria hailazimishi kanisa kumkata mchungaji kodi ya mapato, ila yeye akitaka mnaweza kukubaliana. Basi Mchungaji alijaza W-4, fomu ya kuagiza makato ya kodi ya mapato, na kwenye mstari wa 4(c), wa makato ya ziada, akaandika dola 424 kwa mwezi. Tunaikata na kuiandika kama kodi ya mapato. Usiiite Social Security hata kwa bahati mbaya! Mwisho wa mwaka, kwenye ritani yake, fedha hiyo inafidia kodi ya aliyejiajiri. Hana tena habari ya kutuma 1040-ES, malipo ya kodi ya makadirio, mara nne kwa mwaka.

Halafu kuna posho ya nyumba, sehemu ya mshahara wa mchungaji isiyotozwa kodi ya mapato, na hapa makanisa mengi yanajinyima bure. Wazee wanakaa Desemba, wanaandika kwamba katika mshahara wa mwaka unaokuja, dola 15,000 ni posho ya nyumba. Kisanduku namba 1 cha W-2 kinabaki na 21,000. Muhtasari wetu uko kwa Kiswahili, tafsiri ya Kiingereza nimeibana nyuma yake. Lazima uandikwe kabla ya fedha kulipwa. Kurudi nyuma hakuna, ndiyo maana ile miaka ya kampuni hatukuweza kuiokoa kwa posho. Na Mchungaji aelewe mambo mawili: anasamehewa kile tu alichotumia kwa nyumba, kisichozidi thamani ya pango lake, na kodi ya aliyejiajiri inahesabu zote 36,000, posho ikiwemo.

Bahasha zilileta maneno. Siku ya kumshukuru mchungaji tunakusanya sadaka maalumu, na mzee mmoja akaniuliza kama nataka kuleta serikali hadi madhabahuni. Nikamwambia, "Mzee wangu, fedha ikipita kwenye kapu la kanisa na kanisa likamkabidhi, ni mshahara." Inaingia W-2. Mpiga kinanda pia, anayekuja kila Jumapili kwa saa tunazompangia sisi, ni mwajiriwa, na akifikisha dola 100 kwa mwaka anakatwa 7.65.

Kuna jambo linaloniumiza zaidi ya faini zote. Wachungaji wanashauriana kujaza fomu ya 4361 ili watoke kwenye Social Security, kana kwamba ni punguzo la kodi. Fomu ile ni ya mtu ambaye dhamiri yake ya kidini inapinga kupokea bima ya serikali, na ukishakubaliwa hurudi nyuma. Sasa fikirieni mchungaji aliyefika Marekani na miaka hamsini na tano, baada ya maisha ya kambini. Pensheni inataka pointi 40, na kwa mwaka hupati zaidi ya nne, yaani miaka kumi ya kazi. Mwaka 2025 pointi moja ilikuwa dola 1,810 za mapato. Kila mwaka anaolipa ni mkate wa uzee wake! Mchungaji wetu alikuwa ameshaletewa fomu hiyo na rafiki. Tulikaa naye jioni nzima, Mama Mchungaji akiwepo, nikawaonyesha hesabu ya pointi, na akaamua mwenyewe kuiacha.

Tarehe zangu ni 30 Aprili, 31 Julai, 31 Oktoba na 31 Januari kwa 941. W-2 nazo ni 31 Januari. Malipo ni kwa EFTPS, mfumo wa serikali wa kulipa kodi kwa mtandao. Jiandikisheni mapema, maana namba ya siri inakuja kwa posta. Robo ikiwa chini ya dola 2,500 unaruhusiwa kulipa pamoja na fomu, lakini mimi ninalipa kila mwezi, kwa sababu fedha iliyokatwa kwa dada wa usafi si ya kanisa. IRS inaweza kumdai mtu binafsi aliyekuwa na mamlaka juu yake, akaacha kwa makusudi kuipeleka, asilimia 100.

Kazi iliyo mbele yangu ni Mwinjilisti wetu. Mpaka sasa anakatwa kama dada wa usafi, kwa kuwa hajawekewa mikono. Wazee wameshapanga ibada yake, nami nimewaomba azimio la posho yake ya nyumba lipitishwe kabla ya mshahara wa kwanza baada ya ibada hiyo. W-4 yake mpya nimeshamchapia, imebaki sahihi.