Herbie wa Morogoro: namba 53 imeshakaa mlangoni

Machi

Gari ni Volkswagen Beetle 1300 ya mwaka 1972, iliyokuwa imetelekezwa chini ya mwembe huko Kilosa. Nimeinunua ikiwa na kadi yake, na kadi hiyo ndiyo iliyonitoa hela. Injini ya Beetle utahangaika utaipata. Gari lisilo na karatasi ni skrepa tu.

Nia ni kumtengeneza Herbie, yule Beetle wa mashindano wa filamu ya Disney ya 1968, The Love Bug, bila kuuza kiwanja. Herbie wa filamuni ni Beetle ya 1963: vioo vya taa za mbele vimelala, bampa nyembamba, paa la turubai linalokunjwa, umeme wa volti 6. Taa na bampa naziacha zilivyo. Madigadi ya Beetle hufungwa kwa bolti, kwa hiyo siku nikikutana na ya zamani kwa bei ya kibinadamu tutaongea. Volti 6 siitaki hata kwa zawadi. Yangu ni volti 12, betri na balbu napata duka lolote la spea.

Ukishakubali hayo, yanabaki yale ambayo jicho la mtu aliyeona filamu linayatafuta: rangi, namba na mistari. Hapo sitaki mchezo. Hela nyingine yote inakwenda kwenye sakafu na breki, maana nataka gari la kuendesha, si la kupigia picha.

Aprili mpaka Juni

Kutu, kutu, kutu. Betri ya Beetle inakaa chini ya kiti cha nyuma, upande wa kulia, na tindikali ikidondoka hapo miaka nenda miaka rudi, bati linaliwa. Tulipoinua zulia tuliona nyasi za uwanjani.

Fundi bodi wangu ni mzee wa kazi. Alichukua nyundo ndogo na kipande cha chaki, akawa anagonga sakafu taratibu huku kichwa ameinamisha. Mlio ukiwa mkavu anasonga mbele. Ukiwa wa kubonyea anachora. Alipomaliza, nusu ya sakafu ilikuwa imezungushiwa chaki. Nikashika grainda. "Weka chini kwanza, kijana. Leta bomba."

Bomba la inchi moja likachomelewa kutoka nguzo ya mbele ya mlango hadi ya nyuma, kulia na kushoto. Sababu yake: yale maboksi ya chuma yanayopita chini ya milango ndiyo yanayoshikilia umbo la bodi. Ukiyakata bila bomba, bodi inajipinda kidogo tu, kiasi usichokiona kwa macho, na kuanzia siku hiyo mlango haufungi. Tumeweka bati la geji 18, tukapaka rangi ya kuzuia kutu juu na chini.

Injini haikutusumbua. Bolti nne ndizo zinazoishika kwenye gia boksi. Haina maji wala rejeta. Feni inapuliza upepo, na mabati yaliyoizunguka yanaupeleka kwenye silinda. Mafundi wengi huyavua mabati hayo na kuyatupa wakidhani ni mapambo, halafu wanashangaa kwa nini injini inachemka kwenye mlima. Yangu yalikuwa yamepungua, mtengeneza majiko akanikatia mengine. Klirensi za valvu, yaani uwazi mdogo unaoachwa juu ya valvu, tumeseti milimita 0.15, injini ikiwa baridi.

Julai

Rangi. Kiwandani ni namba L87, nyeupe ya lulu. Ukimwambia muuza rangi "lulu" anakuletea ile ya kumetameta, na hiyo siyo. L87 haimeti hata kidogo. Ni nyeupe iliyoelekea krimu. Tulichanganya kidogo kidogo na kupaka kwenye kipande cha bati, kisha tunakitoa juani, kwa sababu chini ya taa ya gereji kila nyeupe ni nyeupe. Fundi rangi hakupendezwa. "Bosi, mbona kama maziwa yaliyolala?" Nikamwambia hiyohiyo, pulizia.

Mistari ni myekundu, mweupe na wa bluu. Inaanzia mbele, inapanda juu ya paa na kushuka hadi mfuniko wa injini, na haipiti katikati: imesogea upande wa kushoto. Watengeneza nakala wengi wanaiweka katikati, na gari linaonekana la sherehe ya shule. Kazi iko kwenye boneti, ambako bati limepinda pande mbili kwa mpigo. Tepu pana inakunjamana na rangi inapenya chini yake. Tulitumia tepu nyembamba kwa ukingo, tukiivuta kwa kidole gumba sentimita chache kila mara, kisha tepu pana juu yake.

Duara lenye 53 linakaa boneti, milango yote miwili na mfuniko wa nyuma. Inasemekana mtayarishaji wa filamu, Bill Walsh, aliichukua namba hiyo kwenye jezi ya Don Drysdale, mrushaji wa besiboli wa Dodgers.

Paa la kukunja sina, na kukata paa lisilo na kasoro kwa ajili ya sura ni ufujaji. Fundi wa maturubai ya malori amenikatia kipande cha kijivu, tumekibandika kwa gundi na mistari imepita juu yake. Sh. 45,000 na ufundi ndani.

Agosti

Mzee mmoja alisimama getini akaniuliza kama gari liliwahi kukimbia Safari, yale mashindano ya magari ya Afrika Mashariki. Swali halali kabisa: Volkswagen ilishinda mashindano yale 1954, 1957 na 1962, enzi yanapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Disney hakumjua, Vic Preston, dereva wa Safari enzi hizo, alimjua. Tukakaa hadi magharibi.

Bado viti, ambavyo vitakuwa vya kijivu, na raba za vioo ninazosubiri kutoka Nairobi. Breki ya mbele inavuta kushoto; silinda ya gurudumu upande wa kulia imeganda, na mpaka ibadilishwe gari linaishia kwenye barabara ya vumbi ya nyuma ya nyumba.